Damu Inayopanda

Wavuvi wanaporudi Mkwiro, kijiji kilicho kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, samaki huchambuliwa pale pale ufukweni: changu huku, tafi huku, kolekole kando kwa mnunuzi wa hoteli. Bunju hana fungu lake. Akitokea wavuni amejifura kama mpira hutupwa nje, na mtoto anayemchokoa kwa kijiti huambiwa asithubutu kumpeleka nyumbani, hata kwa paka.

Ini na mayai ya bunju yana sumu ambayo wanasayansi huiita tetrodotoksini. Moto wa jikoni hauiui. Mlaji huanza kufa ganzi midomoni, kisha vidoleni, kisha misuli ya pumzi inalegea huku akili yake ikiwa timamu. Hakuna dawa ya kuitengua. Hospitali inachoweza ni kumpumulisha mgonjwa kwa mashine mpaka sumu iishe mwilini.

Maarifa ya namna hii yana gharama, na pwani walioilipa hawakuandikwa popote. Wageni waliandika ya kwao. Septemba 1774, kisiwani New Caledonia, nahodha James Cook alipewa samaki asiyemjua, akaonja kidogo ini na mayai yake pamoja na wataalamu wawili wa mimea na wanyama waliokuwa naye, Forster baba na mwana. Usiku wa manane miguu na mikono ilikufa ganzi, wakatapika, wakaokoka. Asubuhi nguruwe mmoja aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa. Nguruwe huyo hakuulizwa, wala hakuna aliyempangia kazi hiyo, lakini kifo chake kilijibu swali ambalo binadamu watatu walikaribia kulijibu kwa roho zao.

Nani aonje kwanza? Leo swali hilo lina wenyewe. Kuna maabara za kandarasi ambazo kampuni ya dawa za hospitali au za kuulia wadudu huzilipa ili kemikali mpya ipewe panya, sungura, mbwa na nyani kabla haijamfikia mtu. Ni biashara kubwa ya dunia, yenye vizimba, mizani, majoho meupe na makabati ya karatasi. Vitabu vyake vya historia huanzia Ulaya na Marekani. Vingeweza pia kuanzia upande huu, kwa sababu baadhi ya sumu zilizoifundisha maabara kazi yake zilitoka Afrika Mashariki zikiwa zimeshapimwa.

Tuanze na utupa, kwa kuwa uko karibu na maji. Ni kichaka cha jamii ya kunde, na pwani nzima ya Waswahili unajulikana kwa kazi moja. Majani hupondwa, kisha hutiwa kwenye vidimbwi vinavyobaki mwambani maji ya bamvua yakishatoka. Baada ya muda mfupi samaki wanapanda juu wakihema, wanageuka matumbo, wanaokotwa kwa mkono. Wanapikwa, wanaliwa, na mlaji analala salama. Serikali imeupiga marufuku uvuvi wa sumu kwa sababu ya wazi: utupa hauchagui, unamuua mzazi na kifaranga pamoja na kila kinachoishi kwenye jiwe. Kwa kijiji kinachotazamana na hifadhi ya bahari ya Kisite, iliyotangazwa tangu 1973, hilo si neno la vitabuni.

Lakini mtu wa maabara angeulizia jambo jingine. Kwa nini kilichomuua samaki kisimuue aliyemla? Utupa una rotenoni na ndugu zake, kemikali zinazozima upumuaji ndani ya chembe hai. Kwa samaki zinapita moja kwa moja kwenye mashavu na kuingia damuni. Kwa binadamu zinapitia tumbo, ambalo huzipokea kidogo sana, kisha ini huzivunja. Sumu ni ile ile. Mlango ndio tofauti. Wataalamu wa sumu hulifundisha jambo hili katika masomo yao ya mwanzo, na kila jaribio la maabara leo lazima litaje mlango: kwa kinywa, kwa ngozi, kwa pumzi au kwa mshipa. Mvuvi wa vidimbwini alilijua na kulila na wali.

Mlango ukibadilishwa, hadithi nayo hubadilika. Kwa miaka mingi rotenoni iliuzwa kwa wakulima wa bustani Marekani na Ulaya kama dawa ya asili isiyo na madhara makubwa. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwapa panya rotenoni kupitia mshipa, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Baadhi ya panya wakakakamaa na kutembea kwa shida kama wagonjwa wa Parkinson, na ubongoni mwao zilionekana alama za ugonjwa huo. Jaribio la siku moja lisingeonyesha hayo.

Sumu ya pili haina uhusiano na bahari. Msungu ni mti wa vichakani wenye maua meupe yenye harufu nzuri. Wakamba huuita kivai, Wamaasai olmorijoi. Mbao na mizizi yake hukatwakatwa na kuchemshwa kwa saa nyingi, maji yanachujwa na kuchemshwa tena mpaka ibaki nta nyeusi kama lami. Nta hiyo hupakwa kwenye shina la chembe cha mshale, kisha hufungwa kwa ngozi nyembamba, kwa kuwa jua na unyevu huipunguzia nguvu. Wagiriama walisifika kwa kuipika na kuiuza, na miongoni mwa waliojulikana kwa kuitumia walikuwa Wawaata, wawindaji wa tembo wenye pinde nzito ambao serikali ya kikoloni iliwasaka huko Tsavo katika miaka ya 1950.

Bidhaa hii ilikuwa na shida ambayo kila mfanyabiashara wa dawa anaijua. Kwa macho, nta iliyokufa na nta kali hazina tofauti. Mti mmoja una sumu nyingi kuliko jirani yake, mpishi mmoja ni mvivu wa kuchemsha, gunia moja limekaa mwaka mzima. Mwindaji anayemfuata tembo na nta iliyokufa hatafuti nyama, anatafuta kaburi. Kwa hiyo nta ilipimwa.

Kipimo kilichozoeleka sehemu nyingi za Afrika Mashariki kilikuwa hiki. Mtu alijichanja kidogo mkononi au mguuni, akaiacha damu itiririke chini kwa mstari mwembamba. Ule mwisho wa chini, mbali na kidonda, aliugusa kwa nta. Damu ilibadilika ikawa nyeusi, na weusi ule ukaanza kupanda juu ya mstari, kinyume cha mtiririko, kuelekea kwenye jeraha. Kasi ya kupanda ndiyo iliyokuwa jibu. Kabla haujafika kwenye ngozi iliyochanjwa, damu ilifutwa. Asiyefuta kwa wakati hakuwa na nafasi ya kulirudia jaribio.

Mkemia angekuwa na la kusema. Sumu ya msungu huua kwa kuusimamisha moyo, na mstari wa damu juu ya ngozi hauna moyo. Kilichopimwa pale ni ishara ya ukali. Kifo chenyewe hakikupimwa. Hata hivyo jaribio hilo lilikuwa na sifa ambayo maabara za baadaye ziliipoteza kisha zikaitafuta kwa gharama kubwa: lilifanyika hadharani. Aliyesimama karibu aliona damu, aliona nta iliyoguswa, aliona weusi unapanda au umelala. Tena aliyepima alitumia mkono wake mwenyewe.

Nyama ya mnyama aliyepigwa mshale huu huliwa, baada ya kukatwa sehemu iliyozunguka jeraha. Mlango tena: tumbo huipokea sumu hii kwa shida. Mwindaji na mvuvi wa utupa hawakukutana, lakini walifika mahali pamoja.

Ulaya ililipokea somo hili kupitia mswaki. John Kirk, ambaye baadaye alikuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar na kumshinikiza Sultani Barghash alifunge soko la watumwa mwaka 1873, alikuwa kijana daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi, 1858 hadi 1863. Huko alikusanya sumu ya mshale iitwayo kombe, inayotoka kwenye mtambaazi wa jamii moja na msungu. Alikuwa ameiweka pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki alihisi uchungu ulimini, akajishika mshipa wa mkono, akakuta mapigo ya moyo yamepungua. Hivyo Kirk aliipima kombe, kwa bahati mbaya, kwa dozi isiyojulikana, kwa mlango ambao kwa bahati nzuri si mpana.

Sumu hiyo ilifika Edinburgh kwa daktari Thomas Fraser. Yeye hakutumia mkono wake. Alitumia vyura. Alimpa chura kombe, akautazama moyo: ulipiga polepole, ukakaza, ukasimama ukiwa umejifumba kama ngumi. Alitangaza matokeo ya kwanza mwaka 1870, na kufikia 1885 alikuwa amewapa wagonjwa wa moyo dawa iliyotokana nayo, strofanthini, kwa dozi ndogo ndogo. Kilichomwangusha nyati Zambezi sasa kilikuwa kwenye chupa ya mfamasia. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud alikitoa kiini cha sumu ya mti wa jamii ya msungu uliotoka upande wa Wasomali, akakipa jina la ouabain, kutoka neno la Kisomali waabaayo. Jina hilo lingali kwenye chupa za maabara duniani kote. Jens Christian Skou wa Denmark alikitumia kiini hicho kwenye mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, na kwa njia hiyo akathibitisha kwamba alikuwa ameigundua pampu inayotoa sodiamu ndani ya chembe hai na kuingiza potasiamu. Utafiti wake wa 1957 ulimpa Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Kaa wa Denmark na mti wa vichaka vya Afrika Mashariki, chupa moja.

Wafamasia walirithi pia shida ya Wagiriama. Shehena moja ya strofanthini ilikuwa kali, nyingine maji matupu, na mgonjwa wa moyo hana pa kukosea. Nguvu ikapimwa kwa wanyama: vyura, paka, njiwa. Ila kila maabara ilikuwa na chura wake. Wa kiangazi hakulingana na wa masika, mkubwa hakulingana na mdogo, na ukitafuta dozi ndogo kabisa inayoua, jibu linayumba kwa sababu daima yupo chura mmoja dhaifu kuliko wenzake. Mwaka 1927 J. W. Trevan, wa maabara za Wellcome huko Uingereza, alipendekeza hesabu inayosikika kama ukatili ila ina mantiki. Msitafute dozi inayoua mmoja, wala inayoua wote. Tafuteni inayoua nusu. Katikati ya kundi kumetulia kuliko pembezoni. Kipimo hicho kikawa nembo ya fani nzima kwa zaidi ya nusu karne, na idadi ya wanyama waliokufa kwa ajili yake haina mfano.

Dar es Salaam nako kulikuwa na maabara. W. D. Raymond, mkemia wa serikali ya Tanganyika, alitafuta njia ya kuitambua sumu ya mshale bila kumuua mnyama, na katika miaka ya 1930 alitangaza kipimo cha rangi: tone la kemikali na alkali, na kama kiini cha ouabain kipo, rangi ya zambarau inatokea. Wanafunzi wa famasia wangali wanalijua jina la Raymond kwa kipimo hicho. Mwaka 1947 aliandika makala marefu juu ya sumu za mishale za Tanganyika. Inafurahisha kwamba mjini, kama kijijini, jibu lilikuja kwa rangi inayobadilika mbele ya macho.

Marekani, wakati huo, sheria haikudai mtu aonje kwanza. Mwaka 1937 kampuni ya Massengill ya Tennessee ilitaka kuiuza dawa ya salfa ikiwa shira tamu. Mkemia wake aliiyeyusha kwenye diethileni glaikoli, akaangalia ladha, rangi na harufu. Hakuna panya aliyepewa hata kijiko. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa figo kuharibika, watoto wakiwemo. Sheria ya 1938 iliyofuata ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji kuonyesha usalama wa dawa kabla ya kuiuza, na baada ya maafa ya dawa ya thalidomaidi sheria zilikazwa tena mwaka 1962. Kazi ya kupima ikawa kubwa kuliko uwezo wa kampuni zenyewe. Maabara ya kandarasi ilipata soko.

Na hapa ndipo sifa ya jaribio lile la damu, lililofanyika hadharani, inakumbukwa.

Industrial Bio-Test ilianzishwa 1953 na kukua huko Northbrook, Illinois, mpaka ikakadiriwa kufanya zaidi ya thuluthi ya majaribio ya sumu ya Marekani. Mteja alileta kemikali na hundi, akarudishiwa ripoti. Mwaka 1976 mkaguzi wa serikali, Adrian Gross, aliisoma ripoti moja ya dawa ya maumivu na kuona jambo la ajabu: takwimu zilikuwa safi mno. Kazi ya panya huwa na mikwaruzo. Hii haikuwa nayo. Wakaguzi walipofika walikuta chumba ambacho wafanyakazi wenyewe walikiita kinamasi. Mfumo wa kunyweshea panya ulikuwa mbovu, maji yalimwagika mchana na usiku, wengine walizama, wengine walitoroka na kuzaana sakafuni. Kwenye daftari kulikuwa na kifupisho cha herufi chache kilichomaanisha mnyama ameoza mno hawezi kuchunguzwa. Panya waliokufa walionekana tena kwenye kurasa za mbele wakiwa hai na wanapimwa uzito. Mwaka 1983 maofisa watatu walitiwa hatiani mahakamani Chicago. Mamia ya kemikali zilizokuwa zimeshaingia sokoni duniani zilisimama juu ya karatasi za kampuni hiyo.

Kanuni za utendaji bora wa maabara zilizotolewa Marekani mwaka 1978, na zile za shirika la OECD la nchi tajiri mwaka 1981, ni kisa cha Northbrook kilichogeuzwa kuwa amri. Kila namba iandikwe siku ile ile, kwa wino, na aliyeiona aweke sahihi. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke. Vipande vya ini na figo vitunzwe. Na ndani ya kila maabara kuwe na kitengo kisichoshiriki katika jaribio, ambacho kazi yake ni kuchungulia. Wanaofanya kazi hizi hulalamika kwamba karatasi ni nyingi kuliko panya. Ndivyo ilivyokusudiwa: shahidi aliyefukuzwa mlangoni amerudishwa kupitia kabati.

Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu tangu 1957, na jina hilo, kwa msemaji wa Kiswahili anayeita dawa kile anachomwekea panya na kile anachompa mtoto, ni la kweli kuliko majina mengi ya serikali. Aprili 2024 bodi hiyo iliamuru shehena ya shira moja maarufu ya kikohozi cha watoto iondolewe madukani. Nigeria ilikuwa imetangaza kwamba wanyama wa maabara waliopewa shira hiyo walidhurika na kwamba ilikutwa na diethileni glaikoli, ile ile ya 1937. Mtengenezaji akasema vipimo vyake mwenyewe havikuiona. Maabara mbili, chupa za shehena moja, majibu mawili.

Kwale yenyewe, kaunti ya Kenya kilipo kisiwa cha Wasini, imekutana na fani hii kwenye mkondo wake wa chini, pale dawa iliyokwisha kupita kwa wanyama inapofika mkononi mwa mtu. Mfano wa karibuni ni ivamektini. Kijidudu kinachoizalisha kilitoka kwenye udongo uliookotwa Japani karibu na uwanja wa gofu na timu ya Satoshi Ōmura, dawa ikatengenezwa na kampuni ya Merck, na tangu 1987 imegawiwa bure dhidi ya upofu wa mtoni. Wadudu wanaomnyonya aliyeimeza, mbu wakiwemo, hufa. Watafiti wakajiuliza: je, kijiji kizima kikimeza, malaria itapungua?

Wanyama walikuwa na neno la tahadhari. Baadhi ya mbwa aina ya collie walilegea na kufa kwa dozi ambayo mbwa wengine hawaihisi. Mwaka 1994 maabara moja Amsterdam ilikuwa na panya walioondolewa jeni moja kwa utafiti mwingine kabisa. Vizimba vikaingiwa na utitiri, wakanyunyiziwa ivamektini kama kawaida, na panya wasio na jeni ile wakafa. Dozi ya Trevan, ile ya nusu, ilipopimwa kwao ilikuwa karibu mara mia chini ya ya wenzao. Jeni hiyo ni ya bawabu anayesimama kati ya damu na ubongo akiitimua dawa. Mwaka 2001 ilithibitishwa kwamba collie wagonjwa wana bawabu mbovu. Mlango, kwa mara nyingine.

Kwa hiyo dozi zilipandishwa kwa uangalifu. Kisumu, wagonjwa wazima wa malaria walipewa hadi mikrogramu 600 kwa kila kilo kwa siku tatu na kufuatiliwa. Matokeo yalitoka 2018. Kisha Kwale, mwaka 2023, katika mradi wa BOHEMIA wa taasisi ya ISGlobal ya Barcelona na KEMRI-Wellcome, vijiji vilipewa mikrogramu 400 kwa kilo mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, na vijiji vya kulinganishia vikapewa albendazoli ya minyoo. Zaidi ya watu 20,000 walishiriki. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yamepungua kwa asilimia 26.

Si kila aliyetaka kidonge alipewa. Wajawazito waliachwa nje, kwa sababu panya na sungura waliopewa dozi kubwa wakiwa na mimba walizaa watoto wenye kaakaa lililopasuka. Watoto wadogo nao walipandishwa kwenye mizani kwanza, kwa hofu ya yule bawabu wa ubongo. Mwenye uzito chini ya kilo 15 aliteremshwa bila kidonge, na uzito wake ukaandikwa.